Dola 20 Zinatosha, Sikio Linasemaje?

Mwaka 2022 kampuni za China zilimaliza ubishi wa miaka mingi. Moondrop ya Chengdu ilitoa visikizi vya waya vinavyoitwa Chu, 7Hz ikatoa Salnotes Zero, Tangzu ikatoa Wan'er S.G., vyote vikizunguka dola 20 za Marekani. Mwaka huohuo Truthear ilishirikiana na mchambuzi wa Singapore anayejulikana kwa jina la Crinacle, wakatoa Zero yao kwa dola 50. Kabla ya hapo, mwenye fedha kidogo alijua kwamba atapata besi iliyovimba na sauti ya mwimbaji iliyozama ndani yake. Sasa anapata urari wa sauti ambao miaka kumi nyuma ulidai bajeti mara kumi ya hiyo.

Ubishi mpya umeshika nafasi ya ule wa zamani. Watu wawili wanavaa kisikizi kilekile, wanasikiliza wimbo uleule, na mmoja anasema besi imetulia wakati mwenzake anasema besi haipo kabisa. Anayetaka kununua anasoma sifa na lawama za kifaa kimoja hadi anachoka, kisha anaambiwa kwamba kila mtu ana ladha yake. Kauli hiyo ina ukweli, lakini imebebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni umbo la sikio, saizi ya kipira cha silikoni, kelele za mahali tulipo na kiwango tulichofungulia sauti. Ukishayaondoa hayo, ladha inayobaki ni ya kweli na inastahili heshima, ila ni finyu kuliko tunavyodhani, na imekwisha kupimwa.

Tuanze na sikio lenyewe. Njia ya sikio la mtu mzima, kutoka nje hadi kwenye ngoma ya sikio, ina urefu wa takriban sentimita 2.5. Njia hiyo, iliyofungwa upande mmoja na iliyo wazi upande wa pili, huikuza kwa asili sauti iliyo karibu na hezi 3,000, kwa desibeli kumi au zaidi ukijumlisha na mchango wa kichwa na ndewe. Tumezaliwa na ukuzaji huo. Ubongo umeuzoea na unauhesabu kuwa hali ya kawaida. Kisikizi kinapoziba mlango wa sikio kinauvuruga mpangilio huo, hivyo mtengenezaji hulazimika kuurudisha kwa makusudi. Akirudisha kidogo mno, mwimbaji husikika kama yuko chumba cha pili. Akizidisha, violini hukwaruza na sauti ya mwanamke aliyepanda juu inachoma. Ukisikia mtu anasema kisikizi fulani "kinapiga kelele" na kingine "kimepooza", mara nyingi anazungumzia eneo hili hata kama hajui namba yake.

Kiasi gani basi ndicho sahihi? Waliolishughulikia swali hili kwa subira kuliko wengine ni watafiti wa kampuni ya Harman huko California, wakiongozwa na Sean Olive na Todd Welti. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010 waliwapa wasikilizaji nafasi ya kuongeza na kupunguza besi na sauti nyembamba hadi waridhike, bila kujua wanasikiliza kifaa cha nani. Wastani wa chaguo zao ukawa mchoro ambao leo unaitwa shabaha ya Harman. Upo wa hedifoni za kufunika masikio na upo wa visikizi vya kuingia sikioni, na huu wa pili una besi nyingi zaidi. Chu, Salnotes Zero na Zero ya Truthear zote zimeundwa kwa kuutazama mchoro huo au jamaa zake wa karibu. Ndiyo maana zinafanana kuliko matangazo yao yanavyokiri.

Jambo la maana zaidi ni kwamba watafiti haohao walirudi na kuuliza ni nani aliyeachwa nje ya wastani. Mwaka 2018 waliwagawa wasikilizaji wao kwa makundi. Takriban asilimia 64 walipenda urari unaokaribia shabaha. Kama asilimia 15 walitaka besi zaidi, na kama asilimia 21 walitaka besi pungufu. Hapa tunaona kwamba ladha zinatofautiana kweli, lakini hazitawanyiki kama mchanga: karibu watu wawili kati ya watatu wanakutana mahali pamoja, na waliobaki wanatofautiana nao hasa kwa jambo moja, yaani kiasi cha besi. Mwenye kusema hakuna anayeweza kumshauri mwenzake juu ya sauti amekosea, na mwenye kusema kisikizi kimoja kinamfaa kila mtu amekosea pia.

Lazima niseme jambo moja kuhusu tafiti hizi. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2015 kuhusu viwango vya besi na sauti nyembamba lilikuwa na wasikilizaji kutoka Marekani, Kanada, Ujerumani na China. Umri, uzoefu wa kusikiliza na muziki uliochezwa vilionekana kuathiri chaguo. Hapakuwa na nchi ya Afrika hata moja. Sidhani kama masikio ya Tanga au Kisumu yana fizikia tofauti, lakini muziki tuliokulia unatufundisha nini kiwe mbele na nini kiwe nyuma. Kijana aliyekulia kwenye matatu yenye spika chini ya viti hakufundishwa besi na mwalimu yuleyule aliyemfundisha mzee wa Unguja aliyekaa baraza na redio ndogo. Mpaka mtu atakapoyapima masikio yetu tukisikiliza muziki wetu, tuuchukulie mchoro wa Harman kama mahali pazuri pa kuanzia safari.

Kuhusu bei, ushahidi upo wazi kuliko wengi wanavyopenda. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha uchunguzi wa vifaa 283 vya kusikilizia, akilinganisha mchoro wa sauti wa kila kimoja na bei yake dukani. Hakupata uhusiano. Fedha za ziada hununua vitu vingine: waya usiojisokota, chuma badala ya plastiki, pini zisizolegea, umbo linalokaa sikioni saa nyingi bila kuumiza. Hivyo si vitu vya kudharau. Chu ya kwanza, kwa mfano, ilikuja na waya usiochomoka. Waya ukikatika, kifaa kizima kimekufa. Toleo la pili, Chu II, la mwaka 2023 likarekebisha hilo kwa pini za milimita 0.78 kwa bei ileile ya chini. Kwa mtu anayetia visikizi mfukoni pamoja na funguo na sarafu, badiliko hilo lina thamani kuliko ubora wowote wa utando wa spika.

Idadi ya spika ndani ya kila upande ni suala ninalolipitia haraka. Wauzaji huandika kwenye boksi kwamba upande mmoja una spika nne, sita au kumi. Spika moja ya utando iliyorekebishwa vizuri huishinda timu ya spika nyingi zilizokusanywa bila mpango, na Salnotes Zero, yenye spika moja ya milimita 10, ni ushahidi tosha. Usinunue hesabu hiyo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, huvuruga maoni ya watu kuliko mengine yote: ukaaji wa kisikizi sikioni. Besi ya kisikizi inategemea hewa iliyofungiwa kati ya utando wa spika na ngoma ya sikio. Ukiwepo mwanya mdogo tu, besi inatoroka, na kinachobaki ni sauti nyembamba, kavu na yenye ukali. Yule aliyesema besi haipo kabisa huenda hana ladha tofauti na mwenzake. Huenda amevaa kipira cha kati wakati sikio lake linataka kikubwa. Kipimo chake ni rahisi. Cheza wimbo wenye besi ya kudumu, kisha sukuma visikizi ndani taratibu kwa vidole. Besi ikiongezeka kwa ghafla, ulikuwa na mwanya. Badilisha kipira kwanza, na usishangae ukihitaji saizi moja kulia na nyingine kushoto, kwa sababu masikio ya mtu mmoja hayalazimiki kulingana.

Kina cha kuingia nacho kina kazi yake. Kisikizi kinachokaa juu juu na kinachozama huacha nafasi tofauti mbele ya ngoma ya sikio, na nafasi hiyo inahamisha kilele cha sauti nyembamba kilicho karibu na hezi 8,000. Herufi ya s inaishi katika ujirani huo. Wawili wanaweza kubishana usiku kucha kama kifaa "kinakata masikio" na wote wakawa wakweli, kila mmoja kwa sikio lake. Hata michoro inayopigwa na mashine ina mpaka hapa. Kifaa cha kupimia ambacho wachambuzi wengi wamekitegemea kimejengwa juu ya kiwango cha kimataifa cha mwaka 1981, na juu ya hezi 8,000 hadi 10,000 hakiwezi kuaminiwa kuwakilisha sikio la mtu fulani. Mchoro utakueleza vizuri habari za besi na sauti za kati. Kwa sauti za juu kabisa, uamuzi ni wa sikio lako.

Zero ya Truthear inaonyesha vizuri mgongano kati ya namba na mwili. Kwenye mchoro ni mojawapo ya visikizi vilivyoikaribia zaidi shabaha ya Harman kwa bei yake, ikitumia spika mbili za utando, moja ikibeba besi peke yake. Lakini mdomo wake ni mnene. Mwenye njia nyembamba ya sikio anaumia, au hapati mzibo, na akikosa mzibo zile sifa zote za besi hazimfikii. Kwa mtu huyo, Chu II yenye umbo dogo ni bora kuliko Zero, hata kama kila orodha duniani ingesema kinyume.

Tulinganishe basi kwa uwazi. Salnotes Zero ina besi ya kiasi na sauti za juu zilizo wazi. Mazungumzo, habari na sauti ya mtu peke yake vinasikika bila jitihada. Mpenda mdundo ataiona kavu. Mwaka 2023 7Hz ilirudi pamoja na Crinacle wakatoa Zero:2 kwa dola 25, wakaongeza besi na kupunguza ukali wa juu. Nikilazimika kumshauri mtu nisiyemjua, namwelekeza huko, kwa sababu makosa yake ni madogo na yanasameheka. Wan'er inapasha joto sehemu ya chini ya sauti za kati, hivyo gitaa na sauti nzito ya kiume zinapata mwili, ingawa uwazi unapungua. Zero: RED ya Truthear, ya mwaka 2023 pia, inakuja na adapta ya omu 10: ukiichomeka, besi inapanda, ukiichomoa, inashuka. Mtengenezaji amekubali hadharani kwamba hajui uko kundi gani kati ya yale matatu ya Harman, akakuachia ufunguo. Nauheshimu uamuzi huo. Na zipo za kampuni ya KZ, zilizosambaa kila mahali kabla ya hizi zote. Nyingi ya zile za zamani zilinyanyua besi na sauti nyembamba pamoja, zikaacha bonde katikati. Dakika tano za kwanza zinasisimua. Saa ya pili inachosha.

Muziki unaousikiliza ndio unaoamua lipi kati ya haya litakusumbua. Chukua santuri za mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, zilizoanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928. Teknolojia ya wakati ule haikunasa besi ya chini kabisa wala sauti za juu kabisa. Kilichomo ni sauti yake, ala za nyuzi, na mchakacho wa santuri. Kisikizi chenye kilele kirefu juu kitakupa mchakacho zaidi na Siti kidogo. Besi ya ziada haitakuongezea chochote kwa sababu hakuna cha kuongezwa. Wan'er, pamoja na dosari zake, inamtendea Siti haki kuliko Salnotes Zero.

Taarabu iliyorekodiwa kwa vyombo vya kisasa inadai jambo jingine. Violini, kanuni, kodiani na udi vinaishi kwa wingi katika sauti za kati na za juu, vikipishana na mwimbaji. Hapo ndipo hezi 3,000 zinapotenda kazi yake: zikipungua, kanuni inapoteza ncha za vidole, zikizidi, violini nne zinageuka ukuta mmoja. Rumba na dansi la zamani, kuanzia Franco hadi Mbaraka Mwinshehe, vinakaa hapohapo kwa sababu ya magitaa. Ukitaka kujua kama kisikizi kinatenganisha vyombo, sahau nyimbo za majaribio za watu wa Ulaya. Tafuta wimbo wa dansi wenye magitaa matatu, kisha mfuate mpiga rithimu peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho bila kumpoteza.

Singeli ni mtihani wa peke yake. Muziki huu wa Dar es Salaam, ambao mkusanyo wa Sounds of Sisso wa mwaka 2017 uliufikisha kwa wasikilizaji wa mbali, unaenda kwa kasi ya zaidi ya midundo 200 kwa dakika, ukiwa na vinanda vya kompyuta vilivyopandishwa juu sana. Wengi hudhani unataka besi nyingi. Unachotaka hasa ni besi inayoacha haraka, pamoja na sauti za juu zisizo na kilele kikali, vinginevyo kichwa kitauma kabla wimbo wa tatu haujaisha. Bongo Fleva ya sasa, iliyochukua midundo mizito ya amapiano, ndiyo yenye kudai besi ya chini kabisa, na kwa hiyo Zero: RED ikiwa na adapta yake inafaa. Kwa anayesikiliza mawaidha, kisomo, tamthilia na habari, besi iliyozidi inafunika maneno. Huyo anaweza kununua Salnotes Zero na kumaliza kazi.

Mahali unaposikilizia pana uzito wake. Injini ya daladala inanguruma katika eneo lilelile la besi, hivyo inaifunika. Nyumbani usiku, wimbo uleule una besi ya kutosha. Ndani ya gari unaona imepotea, unaongeza sauti. Isitoshe, tangu kazi ya Fletcher na Munson ya mwaka 1933 inajulikana kwamba sikio huisikia besi vibaya sauti ikiwa ndogo. Kwa hiyo anayesikiliza kwa sauti ya chini na anayesikiliza kwa sauti ya juu hawasikilizi urari mmoja hata wakivaa kifaa kimoja. Anayependa besi na akasikiliza kwa sauti ndogo hana ladha ya kihuni. Anarudisha kile ambacho sikio lake linapunguza. Ningependa watu wengi zaidi wafanye hivyo, kwa sababu Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kufikia desibeli 90, salio ni saa nne tu kwa wiki nzima. Kipira kinachoziba vizuri kinazuia kelele za nje na kukuondolea haja ya kupandisha sauti. Ila ukiwa barabarani au juu ya bodaboda, vua.

Bado kuna adui mmoja anayejificha ndani ya kila ulinganisho, nao ni macho yetu. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive waliwasikilizisha watu spika wakiwa wanaziona, kisha zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia. Alama zilibadilika: spika kubwa za kupendeza zilipanda zilipoonekana, na mfumo mdogo wa plastiki ukashuka. Anayefanana na adui huyo ni tofauti ya nguvu ya sauti. Visikizi viwili havina usikivu sawa. Kwa kiwango kilekile cha simu, kimoja kitalia kwa nguvu zaidi, na kinacholia zaidi huonekana bora. Anayelinganisha bila kusawazisha sauti kwanza anatoa hukumu juu ya kitufe cha simu yake.

Kwa mtu aliye dukani leo, ushauri wangu ni huu. Usinunue cha pili kabla hujakimaliza cha kwanza. Nunua kimoja kilicho karibu na wastani, Zero:2 au Chu II, jaribu vipira vyote vilivyomo kwenye boksi, kisha tumia ikwalaiza ya simu. Ongeza desibeli tatu za besi chini ya hezi 150 kwa wiki nzima, halafu ziondoe na upunguze nyingine tatu. Wiki utakayojikuta umesahau kwamba unajaribu kitu ndiyo itakayokuambia uko kundi lipi. Ukigundua uko kati ya ile asilimia 15 au 21, sasa una sababu ya kutafuta kifaa kinachokufaa. Ukigundua uko kati ya ile 64, dola 25 zimetosha. Fedha iliyobaki nunulia muziki wa wasanii unaowapenda.